Picha za michezo kwenye mwanga hafifu: fedha ya kwanza iende kwenye lenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo ambalo wasomaji wa kurasa zako za michezo hukutana nalo mara kwa mara, ingawa wengi hawajui chanzo chake. Mechi inapochezwa usiku chini ya taa za Uwanja wa Benjamin Mkapa au za Chamazi, picha hutoka na nuru ya kutosha, hata msomaji akaweza kusoma namba kwenye kaptula ya beki. Mechi inapoanza saa 10 jioni katika Uwanja wa Samora pale Iringa, au Sokoine hapa Mbeya siku ambayo wingu limeshuka kutoka mlima Loleza na kuufunika mji, picha za kipindi cha kwanza huwa za kuridhisha, lakini zile za dakika za mwisho, ambazo mara nyingi ndizo zenye bao la kuamua mchezo, huwa na giza au zimetikisika. Kwa michezo ya ndani, kama netiboli inayochezwa kwenye bwalo la shule au pambano la ngumi ukumbini, hali huwa mbaya zaidi, na gazeti huishia kuchapisha picha ya mshindi akikabidhiwa kombe badala ya mchezo wenyewe.

Vijana wanaoingia katika kazi hii huku Nyanda za Juu Kusini wanapouliza wanunue kifaa gani, jibu wanalopewa madukani ni idadi ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha. Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea, nafanya kazi hii hapa Mbeya, na naona jibu hilo linawapotezea fedha. Kwa mtu anayepiga picha za michezo ili zichapwe gazetini, fedha ya kwanza inapaswa kwenda kwenye lenzi yenye tundu pana la kupitisha mwanga, mpangilio wa kwanza kuamuliwa uwe kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, na chembechembe zinazoonekana kwa ISO kubwa, yaani mpangilio unaoikuza ishara ya mwanga, ziachwe zije, kwa sababu karatasi ya gazeti inaweza kuzificha chembechembe lakini haiwezi kuficha picha iliyotikisika.

Nianze na kasi ya shata. Winga anayekimbia mita 7 kwa sekunde, ambayo kwake si mbio za kutisha, husogea sentimita zipatazo 12 ndani ya 1/60 ya sekunde. Mpira wa penalti unaosafiri mita 25 kwa sekunde husogea zaidi ya sentimita 40 katika muda huohuo, yaani karibu mara mbili ya upana wake wenyewe, na ndiyo sababu huonekana pichani kama mkia mweupe usio na kichwa. Ukipandisha kasi hadi 1/500, winga yule husogea sentimita moja na nusu hivi na mpira sentimita 5. Ukifika 1/1000, nambari hizo hupungua tena kwa nusu. Kwa soka, basi, 1/1000 ndiyo kasi ya kutafuta wakati mwanga ungalipo, na 1/500 ndiyo sakafu ambayo mpiga picha hapaswi kushuka chini yake kirahisi. Netiboli na mpira wa kikapu huvumilia kidogo zaidi, kwa kuwa mchezaji anayeruka hufika mahali pa juu ambapo kwa kitambo kifupi hapandi wala hashuki, na mpiga picha anayeujua mchezo humsubiri hapohapo na kumpata hata kwa 1/250.

Hapa niseme neno kuhusu lenzi zinazouzwa kwa sifa ya kutuliza mtikisiko. Teknolojia hiyo ni ya kweli na ina kazi yake, lakini kinachotulizwa ni mkono wa mpiga picha, si mguu wa mchezaji. Kijana akipiga kwa 1/60 akitegemea sifa hiyo, atapata jukwaa lililonyooka vizuri, mabango ya matangazo yanayosomeka, na wachezaji ishirini na wawili waliogeuka kuwa moshi.

Ukishaamua kwamba kasi haishuki, mwanga unaoupoteza lazima utafutwe mahali pengine, na mahali pa kwanza ni tundu la lenzi. Nambari zake, zinazoandikwa kwa herufi f, huwachanganya wanaoanza, kwa sababu nambari ndogo ndiyo inayomaanisha tundu kubwa. Lenzi ya kuvuta ya bei nafuu, ile ya milimita 75 hadi 300 ambayo vijana wengi huinunua kwa sababu inafika mbali, ikivutwa hadi mwisho hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya huo, na hufanya hivyo hata ikivutwa hadi mwisho. Lenzi isiyovuta ya milimita 85 yenye f/1.8, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya hiyo ya 70 hadi 200, huingiza mwanga karibu mara kumi.

Tuone maana yake uwanjani. Jioni ya mawingu mazito, mwanga unapokuwa umeshuka sana lakini mwamuzi bado anaendelea na mchezo, lenzi ya f/5.6 kwa kasi ya 1/500 hudai ISO ya 3,200 hivi. Lenzi ya f/2.8, kwa kasi hiyohiyo na mahali hapohapo, hutosheka na ISO 800. Katika bwalo lenye taa chache za mirija, lenzi ya kwanza hudai ISO 25,600, ambayo kwa kamera nyingi za bei ya kati ni uji mtupu, ilhali ya f/2.8 hudai 6,400 na ile ya milimita 85 yenye f/1.8 hudai 2,500 tu au zaidi kidogo. Tofauti hiyo haipatikani kwa kubadilisha kamera peke yake. Kwa sababu hiyo, kijana mwenye fedha ya kitu kimoja tu, anayepiga zaidi michezo ya ndani, ningemshauri abaki na kamera aliyonayo na kununua lenzi hiyo ya milimita 85. Kwenye kamera ya Canon yenye kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, itamvutia kama ya milimita 136, umbali unaotosha kabisa kwa mtu aliyekaa nyuma ya mstari wa goli la netiboli. Kwa soka haitoshi, na hapo hakuna njia ya mkato: ni kutafuta lenzi ya 70 hadi 200 iliyokwishatumika, hata kama ni toleo la zamani, na kukaa karibu na kibendera cha kona ambako mchezo hukufuata wenyewe.

Kuhusu ISO kuna imani moja ambayo ingefaa iondoke. Wengi huamini kwamba ISO ndiyo inayoleta chembechembe, hivyo huing'ang'ania kwenye 800, picha inatoka na giza, kisha wanaingiza kwenye kompyuta na kuiangaza. Matokeo yake huwa mabaya zaidi. Chanzo kikubwa cha chembechembe ni uhaba wa mwanga wenyewe; ISO kazi yake ni kuikuza ishara iliyokwisha kupokewa, kama mtu anayeongeza sauti ya redio inayoshika mawimbi hafifu na kusikia mkwaruzo ukipanda pamoja na maneno. Kwa kamera nyingi, picha iliyopigwa kwa ISO 6,400 ikiwa na nuru sahihi hushinda ile iliyopigwa kwa 800 ikaja kuvutwa kutoka gizani baadaye.

Na hapa ndipo gazeti linapoingia. Karatasi ya gazeti huchapwa kwa nukta, kwa kawaida mistari 85 hadi 100 kwa inchi, na picha ya kuchapwa hivyo hutosheka na pikseli 200 hivi kwa inchi. Picha ya upana wa sentimita 20 ukurasani hutumia pikseli zisizofika 1,600 kwa upana, wakati kamera ya megapikseli 24 hutoa 6,000. Maana yake ni kwamba kila pikseli inayokwenda mtamboni ni wastani wa pikseli zaidi ya kumi za kamera, na wastani huo hulainisha chembechembe hadi jicho la msomaji lisizione. Picha iliyotikisika hainufaiki na hesabu hiyo, kwa kuwa sentimita 12 za winga zinabaki sentimita 12 hata picha ikipunguzwa. Hata kijana akikata nusu ya picha ili kumleta mchezaji karibu, bado anabaki na pikseli 3,000, ambazo ni karibu mara mbili ya zinazohitajika. Kwa kazi ya gazeti, megapikseli 24 zinatosha na kubaki, na kamera ya megapikseli 45 humwongezea tu mzigo wa kutuma mafaili makubwa kwa bando la simu.

Lipo jambo jingine la uchapaji ambalo wapiga picha wengi hawaambiwi: wino husambaa kidogo kwenye karatasi ya gazeti, hivyo picha iliyoonekana sawa kwenye skrini hutoka nyeusi zaidi ikichapwa. Picha ya jioni inapaswa kutumwa ikiwa angavu kuliko inavyopendeza kwenye simu.

Sasa niseme habari ya nyuso, kwa kuwa ndipo kamera zinapotuangusha sana sisi Waafrika. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kinachokitazama kina weupe wa wastani wa kijivu. Kikikutana na jezi nyeupe zimejaa kwenye fremu, hukishusha kila kitu ili weupe ule uwe kijivu, na uso wa mchezaji mweusi huzama pamoja nao. Taa ya ukumbini ikiingia kwenye kona ya fremu, mambo huwa hivyohivyo. Nimeona mara nyingi picha mbili za mchezaji yuleyule, zimepishana kwa sekunde moja: katika ya kwanza amesimama mbele ya mwenzake mwenye jezi ya zambarau na macho yake yanaonekana vizuri, katika ya pili amepita mbele ya mpinzani mwenye jezi nyeupe na uso wake umebaki meno tu. Taa haikubadilika, kilichobadilika ni kile ambacho kipima mwanga kilikuwa kinakitazama.

Kwa sababu hiyo, ndani ya ukumbi ambako taa hazibadiliki, kila kitu kipangwe kwa mkono: kasi 1/500, tundu lifunguliwe hadi mwisho, na ISO ipandishwe kabla ya mchezo kuanza hadi shavu la mchezaji, si jezi yake, lionekane sawasawa kwenye skrini ya nyuma ya kamera. Jezi nyeupe ikipoteza mikunjo yake kidogo, msomaji hatalalamika. Uwanjani jioni ni tofauti, kwa kuwa mwanga hupungua dakika kwa dakika na mpiga picha hana mkono wa tatu wa kuufuata. Huko napendelea kasi na tundu viwekwe kwa mkono, ISO iachiwe kamera ijipangie yenyewe, kisha kamera iagizwe kuongeza nuru kwa theluthi mbili ya hatua au hatua nzima (hatua moja huzidisha nuru mara mbili) ikiwa timu mojawapo imevaa nyeupe.

Taa za kumbi zetu zina tatizo lao jingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za mirija za kizamani pamoja na taa nyingi za LED za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde, jambo ambalo jicho halilioni. Shata ya 1/500 hukamata kipande kidogo tu cha mzunguko huo. Ukipiga picha nane mfululizo za mruko mmoja, utakuta ya kwanza ni ya manjano, ya pili ina kivuli chini, ya tatu imekuwa ya buluu, na ni moja au mbili tu zilizokaa sawa. Kijana asiyejua hili huamini kamera yake ni mbovu na kuipeleka kwa fundi. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 ilikuja na uwezo wa kusoma mdundo huo wa taa na kusubiri kilele chake kabla ya kufungua shata, na kamera nyingi zilizofuata zinao. Inabidi tu uwashwe kwenye menyu. Wenye kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless) wasitumie shata ya kimya, ile ya kielektroniki, chini ya taa hizo, kwa sababu huchora mistari ya giza katikati ya picha, bali watumie ile ya kawaida inayosikika. Asiye na uwezo huo kabisa apige kwa mfululizo, achague iliyokaa sawa, na ahifadhi faili la RAW, yaani data ghafi ya kihisi, pamoja na JPEG, picha ya kawaida, ili rangi iweze kurekebishwa baadaye.

Kuhusu kamera yenyewe sina mengi. Kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kina eneo zaidi ya mara mbili ya vile vihisi vidogo vilivyo kwenye kamera nyingi za wanaoanza, na kwenye mwanga hafifu tofauti hiyo huonekana. Kamera kama Canon 5D Mark III ya mwaka 2012 au Nikon D750 ya mwaka 2014 bado zinafanya kazi ya gazeti bila aibu yoyote, na zilizotumika hupatikana kwa bei ya kamera mpya ndogo. Mnunuzi adai kuona shata imepiga mara ngapi, kwa kuwa zote mbili shata zake zimekadiriwa kudumu mipigo 150,000. Muuzaji anayekwepa swali hilo aachwe na mali yake.

Fokasi iwekwe ile inayomfuata mchezaji mfululizo, na itumie nukta ya katikati au kikundi kidogo cha nukta badala ya kuiachia kamera ichague yenyewe, maana kamera ikiachiwa hupenda kushika wavu wa goli. Flashi ikae kwenye begi. Nuru yake hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo kutoka jukwaani haimfikii mchezaji, na ukumbini humwagia machoni bondia au mfungaji wakati anaohitaji kuona. Waandaaji wanaoikataza wana haki. Simu nazo zimepiga hatua kubwa kwa picha za watu waliotulia, kwa kuwa huunganisha picha kadhaa kuwa moja, lakini mtu anayekimbia hasubiri kuunganishwa.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina masharti yake. Mwezi wa Juni na Julai, mtu anayetoka kwenye baridi ya nje na kuingia ukumbi uliojaa watu ataona lenzi ikifunikwa na umande mara moja, na akiifuta kwa shati ataongeza mikwaruzo tu. Kamera iachwe ndani ya begi lililofungwa kwa dakika kama ishirini ili ipate joto pole pole. Wakati wa masika mfuko wa nailoni uliokatwa tundu mbele na kubanwa kwa mpira kwenye ncha ya lenzi hufanya kazi sawa na vifuniko vya gharama, na kwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua haina adabu, uwe kwenye begi mwaka mzima.

Nina ombi moja kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako wa picha. Wapiga picha wa mikoani wamezoea kurudishiwa picha kwa maelezo kwamba ina chembechembe, na wanachojifunza kutokana na jibu hilo ni kushusha ISO na kutuma picha iliyotikisika wiki inayofuata. Picha inayotazamwa kwenye skrini ikiwa imekuzwa hadi pikseli moja moja haifanani na itakavyokuwa ukurasani. Dawati lako liitazame kwa ukubwa itakaochapwa, liwaandikie wapiga picha hao upana wa pikseli linaoutaka na kiwango cha nuru kinachofaa mtambo wenu, na liwaombe watume picha mbili au tatu za dakika za mwisho hata kama zina chembechembe, badala ya ishirini za kipindi cha kwanza. Msimu wa mvua ukianza tena, kabla timu hazijaingia uwanjani, maelekezo hayo yawe yamekwisha kuwafikia.

Wako katika kazi,
Mpiga picha wa kujitegemea,
Soweto, Mbeya.